Mstari wa Nairobi

Mfumo wa kompyuta uitwao Unix ulizaliwa katika maabara ya Bell huko Murray Hill, jimbo la New Jersey, na mwongozo wake wa kwanza wa mwaka 1971 unaeleza jinsi mashine hiyo ilivyojua saa: ilikuwa inahesabu tu. Kuanzia usiku wa manane wa kuamkia tarehe 1 Januari 1971 iliongeza moja kila sehemu moja ya sitini ya sekunde, bila kujali jua limechomoza wapi wala leo ni sikukuu ya nani. Kwa kasi hiyo nafasi iliyotengewa hesabu ingejaa kwa miaka miwili na ushei. Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao wakabadili mpango: wakahesabu sekunde nzima, na mwanzo wa hesabu wakauweka usiku wa manane wa Greenwich wa kuamkia tarehe 1 Januari 1970.

Hesabu hiyo ndiyo inayoendelea hadi leo ndani ya simu na seva karibu zote tunazozitumia. Kwa saa za Afrika Mashariki ilianza saa tisa usiku, ndiyo maana kifaa kilichopotewa na wakati kikiwa Mwanza au Mombasa huonyesha 1/1/1970 saa 03:00. Kwenye mashine za zamani zinazotumia tarakimu fupi, hesabu itafika ukomo Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwetu.

Kuhesabu sekunde ni kazi nyepesi. Ugumu huanza mtu anapotaka kujua hesabu hiyo ni saa ngapi mahali alipo, kwa sababu jibu haliko katika fizikia. Liko katika amri za serikali, na serikali hubadili mawazo.

Wahandisi wa Bell waliliona hilo mapema. Programu yao ya kugeuza sekunde kuwa saa ilichukulia kwamba kila mtumiaji anaishi saa 5 nyuma ya Greenwich, kama wao, na kwamba saa husogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Aprili na kurudishwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kama sheria ya Marekani ya mwaka 1966 ilivyotaka. Kisha nchi za Kiarabu zikasimamisha mafuta mwaka 1973. Katika kubana matumizi ya nishati, Marekani ikasogeza saa mbele katikati ya baridi, tarehe 6 Januari 1974, watoto wakawa wanakwenda shule gizani. Mwaka uliofuata tarehe zikabadilishwa tena. Njia pekee waliyokuwa nayo wahandisi ni kuandika miaka hiyo miwili ya ajabu ndani ya programu yenyewe, 1974 peke yake na 1975 peke yake, katikati ya mistari ya hesabu.

Wasomaji wengi wa makala haya hawajawahi kusogeza saa zao kwa amri ya serikali, kwa hiyo inafaa kuonyesha kwa karibu jambo hilo huifanya nini kompyuta. Jumapili ya mwisho ya Oktoba, London, saa ikifika nane usiku hurudishwa saba. Mchukulie muuguzi wa zamu ya usiku aliyeandika kwenye kompyuta kwamba mgonjwa amepewa dawa saa saba u nusu. Dakika 60 baadaye anaandika tena kwamba joto la mgonjwa limepimwa. Kumbukumbu zote mbili zinasomeka 01:30. Daktari wa asubuhi akiziangalia hawezi kujua lipi lilitangulia, na kompyuta iliyopangwa vibaya inaweza kuzigeuza. Mwezi Machi mambo huwa kinyume: saa huruka kutoka saba hadi nane, na 01:30 ya usiku huo haipo kabisa. Ukiiomba programu ikuamshe wakati huo, programu moja itakuamsha mapema, nyingine itachelewa, na nyingine haitakuamsha.

Kwa karibu miaka kumi na mitano suala hilo lilitatuliwa kwa viraka. Kila mtengenezaji wa kompyuta alikuwa na kanuni zake, zimezikwa ndani ya programu ambayo mnunuzi hawezi kuifungua. Aliyeuvunja utaratibu huo ni Arthur David Olson, mtaalamu wa programu katika Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani, huko Bethesda, Maryland. Katikati ya miaka ya 1980 Bunge la Marekani lilikuwa linabadili sheria kwa mara nyingine: kuanzia 1987 saa zingesogezwa Jumapili ya kwanza ya Aprili badala ya ile ya mwisho. Olson akaona kwamba kosa liko kwenye mpangilio. Kanuni za saa hazina sababu ya kukaa ndani ya programu. Aliziweka nje, katika faili la maandishi ya kawaida ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma na kulisahihisha, kisha akatengeneza programu ndogo ya kuligeuza kuwa kitu ambacho kompyuta inakisoma haraka. Sheria ikibadilika, hubadilishi programu. Unabadilisha mstari mmoja.

Naliona wazo hilo kuwa miongoni mwa mawazo makubwa ya fani hii, ingawa halikumtajirisha mtu. Olson aliigawa kazi yake bure. Watu wa Australia, Ulaya na Asia wakaanza kumtumia marekebisho ya nchi zao, na orodha iliyoanzia Marekani ikawa ya dunia.

Njia ya zamani haikufa mara moja. Palikuwa na desturi ya kuiambia kompyuta eneo lake kwa herufi na namba, na iliyoiweka desturi hiyo ni Marekani, ambayo iko magharibi ya Greenwich. Kwa hiyo namba chanya ilimaanisha magharibi. Mtu wa Nairobi alitakiwa kuandika EAT-3, alama ya kutoa, ilhali kila ramani inamwambia yuko saa 3 mbele. Aliyeandika EAT+3 alijikuta saa 6 nyuma ya saa halisi. Kwa bahati tofauti hiyo ni sawasawa na ile iliyopo kati ya saa ya Kiswahili na ya Kizungu: saa saba mchana kompyuta yake ingesoma 07:00, na pengine angeridhika, mpaka alfajiri atakapogundua kwamba tarehe bado ni ya jana.

Tatizo hilo la kulitaja eneo lilimalizwa na Paul Eggert wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ambaye baadaye alikuja kuwa mhariri mkuu wa orodha. Mwaka 1993 alipendekeza kila eneo lipewe jina la bara na mji, si jina la nchi. Mipaka huhama na nchi hubadili majina, lakini mji mkubwa hubaki pale pale. Mji unaochaguliwa ni ule wenye watu wengi, hata kama si makao makuu. Ndiyo maana Tanzania imo kwa jina la Africa/Dar_es_Salaam na wala si Dodoma, na India imo kwa jina la Kolkata, si New Delhi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina majina mawili, Kinshasa na Lubumbashi, kwa kuwa nchi hiyo ina saa mbili: anayepiga simu kutoka Goma kwenda Kinshasa anaongea na mtu aliye saa 1 nyuma yake.

Kwa robo karne orodha hiyo ilikaa kwenye kompyuta moja ya taasisi ya Olson, na dunia haikujua. Ilijua mwaka 2011. Tarehe 30 Septemba kampuni iitwayo Astrolabe, inayouza programu za unajimu, ilifungua kesi katika mahakama ya shirikisho mjini Boston dhidi ya Olson na Eggert. Unajimu unahusikaje hapa? Mtabiri anayetaka kuchora nyota za mtu aliyezaliwa Warsaw mwaka 1921 lazima ajue saa ya ukutani siku hiyo ilikuwa na tofauti gani na Greenwich. Kwa sababu hiyo wanajimu walikuwa wamekusanya historia ya saa za miji kwa bidii kuliko wanahistoria wengi, na atlasi za Thomas Shanks zilikuwa chanzo ambacho orodha ilikitaja waziwazi. Astrolabe ilidai kwamba hakimiliki ya atlasi hizo ni yake.

Tarehe 6 Oktoba kompyuta ya Bethesda ikazima huduma hiyo. Olson hakuwa na kampuni wala wakili wa kampuni. Shirika la ICANN, linalosimamia majina ya intaneti, liliichukua orodha tarehe 14 Oktoba na kuihamishia kwenye kitengo chake cha IANA, inakokaa mpaka sasa. Shirika la kutetea haki za watumiaji wa teknolojia, EFF, likawasimamia washtakiwa. Hoja yao ilikuwa nyepesi: kwamba serikali fulani ilisogeza saa siku fulani ni tukio, na tukio halina mwenyewe. Februari 2012 Astrolabe iliondoa kesi, ikaomba radhi na kuahidi kutoshtaki tena.

Tangu hapo wahariri wamekuwa na adui mwingine, ambaye ni haraka za watawala. Ijumaa tarehe 26 Oktoba 2018 serikali ya Moroko iliamua kutorudisha saa nyuma, wakati saa zilikuwa zirudishwe Jumapili, siku mbili baadaye. Simu nyingi zilirudi nyuma zenyewe asubuhi ile, maana hakuna aliyewahi kuziambia. Tangu hapo Moroko hubaki saa 1 mbele mwaka mzima isipokuwa mwezi wa Ramadhani, hivyo orodha inalazimika kukadiria Ramadhani za mbele kwa hesabu ya mwezi mwandamo, mwaka baada ya mwaka hadi 2087. Kila anayefuatilia mabishano yetu ya kuandama kwa mwezi ataelewa jinsi makadirio hayo yalivyo mepesi kupinduliwa.

Lebanon ilifika mbali zaidi. Machi 2023, siku mbili kabla ya saa kusogezwa, waziri mkuu Najib Mikati alitangaza kwamba zoezi liahirishwe hadi mwishoni mwa Ramadhani. Kanisa la Wamaroni likakataa, baadhi ya shule na vituo vya televisheni vikakataa pia, na kwa siku kadhaa nchi ndogo ile ikawa na saa mbili kulingana na uliyemuuliza. Eggert alitoa toleo jipya la orodha tarehe 23 Machi kufuata tangazo. Serikali ikabatilisha uamuzi wake, na tarehe 28 Machi akatoa toleo jingine lililorudisha data yote ilivyokuwa kabla ya tangazo. Wapo waliomlaumu kwa kuitii serikali, na wapo ambao wangemlaumu kama asingeitii. Mimi naona alifanya lililo sawa: orodha hiyo haina mamlaka ya kuamua saa ya mtu, ina wajibu wa kuandika kilichotokea.

Wajibu huo wa kuandika kilichotokea ndio unaotuhusu zaidi sisi, kwa sababu sehemu ya Afrika Mashariki ni nyembamba mno. Mstari wa Nairobi una historia inayostahili kusomwa pole pole. Unaanza na saa 2, dakika 27 na sekunde 16 mbele ya Greenwich, yaani saa ya jua ya mji ulioko longitudo 36 na dakika 49 mashariki. Kila mji ulikuwa na adhuhuri yake: Dar es Salaam 2:37:08, Kampala 2:09:40. Mei 1908 mamlaka za kikoloni zikaweka saa rasmi ya 2:30. Mwishoni mwa Juni 1928 ikawa 3:00. Januari 1930 ikarudi 2:30. Mwaka 1936 ulipokwisha ikawa 2:45, robo saa ambayo leo ingemshangaza mtengeneza programu yeyote aliyezoea saa kamili. Mwishoni mwa Julai 1942, vita vikiendelea, ikawa 3:00, na hapo ndipo tulipo.

Mstari huo haukuwa hivyo siku zote. Hadi mwaka 2020 ulifuata atlasi ya Shanks, ambayo ilisema Nairobi ilitumia 2:45 hadi mwaka 1960. Kwa miaka mingi, kompyuta yoyote duniani iliyoulizwa saa ya Nairobi mwaka 1952, wakati wa kutangazwa hali ya hatari, ilikosea kwa dakika 15. Kilichosahihisha kosa hilo si mashine mpya. Watu wa kujitolea walirudi kwenye magazeti rasmi ya serikali za kikoloni, wakasoma matangazo yenyewe, na Kenya ikasahihishwa pamoja na Ghana, Nigeria, Shelisheli na nchi nyingine kadhaa.

Dar es Salaam haikupata bahati hiyo. Wahariri wanaahidi usahihi kuanzia mwaka 1970 tu, na miji ambayo saa zake zimelingana tangu mwaka huo huunganishwa katika mstari mmoja. Kwa hiyo Dar es Salaam, Kampala, Mogadishu, Addis Ababa, Asmara, Djibouti, Antananarivo na Comoro zote leo ni majina yanayoelekeza kwenye mstari wa Nairobi. Historia zao za zamani zimewekwa katika faili la pembeni ambalo simu na seva nyingi hazilichukui. Katika faili hilo, kwa kumfuata Shanks, Dar es Salaam ilikuwa 2:45 kuanzia 1948 hadi 1961. Mtoto aliyezaliwa Dar mwaka 1955 saa mbili asubuhi kwa saa ya ukutani, simu yake ya leo inamhesabia saa ya Nairobi. Kama Shanks yuko sahihi, inakosea robo saa. Zanzibar, ambayo hadi 1964 haikuwa nchi moja na Tanganyika, haijawahi kuwa na mstari wowote.

Mwaka 2021 ugomvi mkali ulizuka ilipopendekezwa Oslo na Stockholm nazo ziunganishwe na Berlin. Waliopinga walilalamika kwamba historia ya nchi zao inafutwa. Eggert alijibu kwamba miji ya Afrika ilishaunganishwa miaka mingi nyuma, na si haki kanuni iwe ya Waafrika peke yao. Miji ile ya Ulaya ikaunganishwa. Sawa, kanuni ni moja kwa wote sasa, lakini usawa wa kupoteza wote si ule ambao ningeutaka. Hati zipo. Magazeti rasmi ya Tanganyika, ya Uganda na ya Zanzibar yamehifadhiwa katika nyaraka za taifa, na mwanafunzi mmoja wa historia mwenye subira anaweza kuyapekua na kuandika saa za mji wake, kama zilivyoandikwa za Nairobi.

Wapo watakaosema robo saa ya mwaka 1955 haimsumbui mtu. Basi tutazame ya leo. Kwa kuwa hatusogezi saa, watengeneza programu wetu wengi huandika tu "ongeza saa 3" ndani ya programu na kuendelea, kosa lile lile la Murray Hill. Chukua duka la jumla la Kariakoo ambalo programu yake ya mauzo imewekwa kwenye seva ya New York na kupangiwa saa za huko. Siku ya seva hubadilika usiku wa manane wa New York, ambao kwa Dar ni saa mbili asubuhi wakati wa baridi ya huko, na saa moja asubuhi wakati wa joto. Mauzo ya mteja wa saa moja u nusu asubuhi yanaingia kwenye ripoti ya jana mwezi Januari, na kwenye ripoti ya leo mwezi Julai. Mhasibu anahesabu fedha mezani, hazilingani na ripoti, na anaanza kumtazama mwuzaji kwa jicho jingine, wakati kilichobadilika ni saa ya New York, kwa sheria ya Bunge la Marekani.

Dawa inayojulikana kwa matukio yaliyokwisha kupita ni kuyahifadhi kwa saa ya Greenwich na kuyageuza pale tu yanapoonyeshwa kwa mtu. Kwa mambo yajayo haitoshi. Kikao cha kila Jumatatu saa nne asubuhi ya London humfikia mshiriki wa Nairobi saa saba mchana wakati wa baridi na saa sita wakati wa joto. Ukikihifadhi kwa Greenwich kitateleza. Inabidi uhifadhi saa pamoja na jina la mji, kisha uiachie orodha ikokotoe siku ikifika, maana hakuna ajuaye bunge la nani litaamua nini kabla ya hapo.

Majirani zetu wameamua. Sudan ilirudi kutoka saa 3 hadi saa 2 mbele ya Greenwich tarehe 1 Novemba 2017. Sudan Kusini ikafuata tarehe 1 Februari 2021, na toleo la orodha lenye mabadiliko hayo lilitoka tarehe 24 Januari, wiki moja kabla. Simu za Juba zisizopokea masasisho zilibaki na saa ya Kampala, na mwenye simu kama hiyo hana budi kuchagua mji mwingine, Johannesburg kwa mfano, ili saa yake iwe sawa. Malori ya mizigo yanayotoka bandari ya Mombasa kwenda Juba hupita Elegu upande wa Uganda na kuingia Nimule. Lori likiandikishwa Elegu saa nne asubuhi, kisha Nimule saa tatu u nusu, programu ya msafirishaji inayojua mstari wa Nairobi peke yake itasema safari hiyo ilichukua dakika 30 chini ya sifuri. Inayosoma na mstari wa Juba itasema dakika 30.